Damu ya Mzee

Mwezi uliopita kijana mmoja alinipigia simu akaniuliza swali ambalo nilidhani nitakufa bila kuulizwa. Alisema anaitwa Kulwa, fundi wa magari ya zamani huko Mwanza, na kwamba gerejini kwake kuna Pijo 404 ambayo kadi yake ya zamani ina jina la baba yangu. Alikuwa amenitafuta kuanzia Kambarage, kule Shinyanga, mpaka hapa Geita nilikostaafia ualimu.

"Shikamoo mama," akasema. "Samahani kwa usumbufu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Hili gari lilizaliwa na rangi gani?"

Sikumjibu kwenye simu. Nilimwambia nitakuja. Watu wa rika langu mtanielewa: yapo maswali ambayo mtu hayajibu akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi.

Nilipofika nilikuta gari limevuliwa viti na vioo, limesimama juu ya matofali. Lilikuwa jeupe, au tuseme lilikuwa limebaki na uweupe wake kwa mabaka, na penye nyufa ilionekana rangi nyingine nyekundu iliyokolea. Kulwa, kijana mpole mwenye mafuta hadi kwenye kope, alinizungusha kama daktari anavyomzungusha ndugu wa mgonjwa. Mwenye gari, alisema, anataka lirudi vilevile lilivyotoka kiwandani. Watu wa magari ya zamani hawanunui chuma, wananunua ile rangi ya kwanza. Gari lenye rangi yake ya kuzaliwa, hata ikiwa imefifia, watu wanaligombania, na lililopakwa ovyo wanaligeuzia mgongo hata kama injini yake inaimba.

"Sasa aliyepaka hii nyeupe, mama, alilimaliza gari," akasema. "Ona, alitumia brashi ya nyumba. Nywele za brashi zimegandia humu. Sijui alikuwa fundi gani."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu, lakini kopo la tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, lilikuwa wazi miguuni petu na ile harufu ilikwishanishika. Harufu ya tina kwangu si ya gereji. Ni harufu ya uani kwetu, siku ya Ijumaa, na mimi nina mguu uliofungwa bendeji.

Sikuzaliwa mjini. Nilizaliwa kijijini, njia ya kwenda Ushirombo, nikalelewa na babu yangu mzaa baba, ambaye nilimwita Guku kama Wasukuma wanavyowaita babu zao. Mama yangu alifariki kabla sijaweza kumkumbuka, na baba alikuwa karani wa pamba mjini Shinyanga, mtu wa kuja na kuondoka, mwenye kalamu mfukoni na peremende kwenye karatasi. Kwa hiyo dunia yangu ilikuwa Guku na ng'ombe wake. Rangi nilijifunzia zizini. Guku hakuwa akisema ng'ombe huyu ni mwekundu tu, kana kwamba wekundu ni mmoja. Alikuwa na jina la kila wekundu, na wa mwenye paji jeupe, na wa mwenye tumbo la madoa, na yule wa wekundu wa kukolea ambaye alimpenda kuliko wote. Alikuwa akinitania kwamba mimi ni mke wake mdogo na yule ng'ombe ni mke mkubwa, kwa hiyo nimpe heshima.

Kisha Guku akaanza kukohoa. Baba alikuja akatuchukua wote wawili, tukahamia Kambarage, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye sakafu ya saruji na ua wa mabati. Kiswahili changu kilikuwa cha kuomba maji. Shuleni nilipotamka "rangi" ilitoka "langi," na "gari" likawa "gali," na darasa zima likacheka mpaka mwalimu naye akajisahau. Watoto walinipa jina, Gali. Wakati wa mapumziko nilisimama ukutani nikihesabu wanaoruka kamba, nikingoja aniite mtu, na kengele ilipolia nilirudi darasani kabla ya wote ili isionekane kwamba sikuwa nacheza.

Nilikuwa na watu wawili na nusu. Guku alikuwa mmoja. Baba alikuwa wa pili, ingawa alitoka alfajiri na kurudi jioni akiwa na nyuzi za pamba kwenye nyusi. Ile nusu alikuwa Mwajuma, binti wa jirani yetu, aliyeongea Kiswahili cha mjini kama maji yanavyotoka bombani. Alikubali kucheza nami pale tu ambapo wenzake walikuwa hawapo. Mimi sikulalamika, maana nusu ya rafiki inashinda ukuta wa shule.

Asubuhi moja baba alimpeleka Guku hospitali. Walirudi mchana, Guku akiwa na pamba imebandikwa kwenye mkono. Nilimuuliza wamemfanya nini.

"Wameninyonya damu, mke wangu," akaniambia kwa Kisukuma, akikunja uso kwa makusudi. "Chupa nzima. Nimewauliza mnaipeleka wapi, wakacheka tu."

Alikuwa anatania. Watu wazima wote waliokuwepo walijua anatania. Lakini mimi nilimtazama mkono, nikatazama ile pamba yenye doa, nikaiweka habari hiyo moyoni kama mtoto anavyoweka sarafu.

Haikupita wiki, baba akaingia uani na gari.

Alikuwa amelinunua kwa mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Hilo nalijua leo. Siku ile nilichoona ni kitu kirefu, chekundu cha kukolea karibu na weusi, kinang'aa hadi mti wa mwarobaini wa jirani ulionekana mbavuni mwake. Majirani walijaa. Baba, mtu asiyecheka ovyo, alicheka hadi nikaona meno yake ya nyuma. Mama Mwajuma alikuja na unga bado mikononi, akalizunguka.

"Hongera, Baba Kabula," akasema. "Na hii rangi yake, mbona sijaiona? Ndiyo nini hii?"

"Damu ya mzee," baba akajibu, akiligonga bati kwa kifundo cha kidole. "Yenyewe, haijachanganywa na kitu."

Kabula ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na taa ya mbele, na nilisikia vizuri. Shuleni tulikuwa tumefundishwa nyekundu, nyeupe, nyeusi, kijani na manjano, na mwalimu alituambia basi, tuimbe. Hakuna aliyenifundisha kwamba Waswahili wana rangi wanayoiita damu ya mzee. Mzee nilimjua. Kila mtu aliyekuja kwetu alisema "Mzee anaendeleaje?" na wote walikuwa wanamuulizia Guku.

Guku alitolewa nje, akashikwa mkono hadi kwenye gari. Akaweka kiganja chake kwenye mlango, akakiacha pale muda mrefu. "Mhola," akasema, kama anayesalimia kitu kinachoweza kuitikia. Kisha akasema taratibu, kwa Kisukuma, "Hii ni damu yangu." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Baba akainamisha kichwa, akasema "Wabeja, baba," yaani asante.

Sasa niambieni, mngekuwa mimi mngeelewa nini?

Guku alikaa miezi michache tu baada ya hapo. Alikonda hadi pete yake ya shaba ikawa inaanguka kwenye uji. Alipofariki tulimrudisha kijijini, na gari lilelile ndilo lililotuongoza njiani, likiwa limepigwa vumbi na bado linang'aa chini ya vumbi. Nilikaa kiti cha nyuma nimebana magoti ili nisiguse mlango. Tulipofika nilikimbilia zizini. Lilikuwa tupu, na majani yalikuwa yameanza kuota mahali pa kwato. Sikuuliza ng'ombe wamekwenda wapi. Wazee wanasema kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa mtoto wa aina ile anayeona afadhali kukisia.

Tukarudi mjini wawili, mimi na baba. Naweza kuusema upweke ule kwa maneno machache: nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja duniani, na mtu huyo nilikuwa namwogopa. Alinipikia ugali na dagaa wa Nkome, akanichambulia vichwa kwa sababu sikuvipenda, na mimi nilikuwa natazama vidole vyake nikiwaza vilichofanya. Aliponikata kucha nilikunja ngumi. Nikiambiwa nipande gari anipeleke shule, nilisema napenda kutembea. Nilitembea peke yangu kwenye lile vumbi jeupe la Shinyanga, na gari likinipita polepole, baba akinitazama kwenye kioo.

Siri ile ilinizidi. Siku moja Mwajuma alikuwa hana mtu wa kucheza naye, tukakaa nyuma ya choo chao tukitafuna michembe, viazi vile vilivyokaushwa ambavyo shangazi alitutumia kutoka kijijini. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba baba alimtoa babu damu hospitali, chupa nzima, akaenda kulipaka gari.

Mwajuma aliacha kutafuna. "Kumbe baba yako mumiani," akasema.

Neno hilo sikulijua. Alinifafanulia kwa ufasaha wake wote: kwamba mumiani ni watu wanaonyonya damu za wenzao na kuziuza, kwamba wanatembea na magari mekundu, na kwamba ukimuuliza mumiani hakubali kamwe, atakuambia ni uongo tu. Kisha akainuka, akajifuta kanga, akaenda kwao. Hata ile nusu ya rafiki nikaipoteza hapo.

Mtaani habari ilienda kwa miguu yake. Wanawake walioomba lifti kwenda sokoni siku za nyuma wakaanza kukumbuka kwamba wanapenda kutembea, kama mimi. Gari likipita, mikono ilitoka milangoni ikavuta watoto ndani. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Baba alijua kuna jambo. Nilimwona jioni akilifuta gari kwa kitambaa, akitazama huku na huku uani mtupu ambao zamani ulikuwa na watu. Mimi nilikuwa dirishani. Tungeweza kukaa pamoja, yeye na mimi, wapweke wawili kwenye nyumba moja. Badala yake kila mtu alikuwa na upande wake wa ukuta.

Siku hizo mtu mmoja tu ndiye aliyekuja kwetu, na huyo ndiye aliyenimaliza kabisa. Alikuwa Mhindi mmoja wa Mwanza, mzee wa miwani, aliyekuwa akipenda magari ya namna ile na kuyaweka chini ya paa lake kama watu wanavyofuga njiwa. Alifika mara ya kwanza akafungua milango yote minne. Aliingiza kichwa, akamulika kwa tochi mahali ambapo hakuna anayepatazama, akalinganisha rangi ya ndani na ya nje.

"Sawasawa," akamwambia baba. "Ndani na nje moja. Hii ni ile ya kwanza, haijaguswa. Mimi natafuta damu ya mzee namna hii siku nyingi sana. Lakini sikiliza, Baba Kabula, usipake kitu juu yake. Hata mkwaruzo uache. Ukipaka, mimi sitaki tena."

"Haipakwi," baba akasema. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi uje uchukue."

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mwajuma alisema mumiani huuza, na mnunuzi ndiye yule, na alikuwa amesema kwa mdomo wake kwamba anatafuta damu ya mzee. Masikini yule Mhindi wa watu. Alichotaka ni gari zuri.

Basi nikaanza kuficha damu yangu. Nilihakikisha baba haioni hata tone. Nikijikuna mbu hadi kutoka damu, nilifukia kwa vumbi. Siku nilipokanyaga msumari wa bati uani, niliung'oa mwenyewe, nikaweka majivu, nikafunika damu kwa udongo nikaukanyaga ukawa sawa na mwingine. Nilitembea hivyo siku tatu, nne. Mguu ukavimba hadi kiatu kikakataa.

Baba alinikuta nimekaa kwenye ngazi nikishindwa kusimama. "Mguu una nini?"

"Hauna kitu."

Aliushika. Alipouona, uso wake ulibadilika, akanibeba mikononi akakimbilia gari, akafungua mlango kwa kiwiko. Nilishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili. Sikuwa mtoto wa kulia, lakini siku hiyo nililia hadi mtaa ukatoka nje.

"Usinipeleke," nilipiga kelele kwa Kisukuma. "Utanitoa damu kama ulivyomtoa Guku."

Baba alisimama. Mama Mwajuma alikuwa kwenye ua wake, ameshika mdomo. Wanawake wengine walikuwa barabarani. Baba aliniweka chini taratibu, akachuchumaa mbele yangu.

"Nani kakuambia maneno hayo?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulimwambia Mama Mwajuma. Gari ni damu ya mzee. Na Guku alisema ni damu yake."

Niliona kicheko kikimjia. Kilifika kwenye pembe za mdomo, kikasimama hapo, kisha akatazama wale wanawake barabarani, na kikaondoka. Nadhani ndipo alipoelewa miezi yote ile.

"Kabula, mwanangu," akasema. "Hilo ni jina la rangi. Waswahili ndivyo wanavyoiita. Ni jina la rangi tu."

Alinieleza vizuri, kwa upole, kwa lugha yetu. Mimi sikumwamini. Mwajuma alikwishanionya kwamba mumiani hakubali, na huyu hapa alikuwa hakubali. Niliendelea kushika nguzo ya mlango. Baba alinitazama usoni, akaona kwamba maneno hayafiki. Akaufunga mlango wa gari. Akanigeuzia mgongo, akasema nipande, na akanibeba mgongoni kwa miguu hadi hospitali, jua la saa nane kichwani, jasho lake likilowesha kifua changu. Gari lake zima, lenye mafuta, lilibaki uani.

Mguu ulisafishwa ukafungwa bendeji. Ijumaa ya wiki hiyohiyo, ile ya mwisho wa mwezi, niliamka mchana kwa harufu ya tina. Nilichechemea hadi mlangoni. Baba hakuwa ameenda kazini. Alikuwa amevua shati, amebandika magazeti kwenye vioo, na mkononi alikuwa na brashi ileile tuliyopakia madirisha. Alikuwa analipaka gari rangi nyeupe. Hakuwa fundi, alikuwa akipaka kama mtu anayepaka siagi, akirudia palepale, michirizi ikimshuka hadi kwenye viwiko. Paa lilikuwa limekwisha. Alifika mlango wa nyuma, mahali Guku alipoweka kiganja, akasimama kidogo, akafuta jasho kwa mkono wenye rangi, akaendelea.

Hakuniona. Nilirudi kitandani nikiwa na wazo moja: anaficha.

Jumamosi yule Mhindi alifika. Rangi haikuwa imekauka. Aliteremka kwenye gari lake, akasimama, akavua miwani, akaivaa tena. Akagusa boneti kwa kidole kimoja, kidole kikatoka cheupe.

"Baba Kabula. Umefanya nini?"

"Nimepaka gari."

"Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana," baba akasema. "Nisamehe, bwana."

Mzee wa watu alitoa leso akafuta kidole, akakifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakufoka. Alisema tu, "Ya kwanza ikiondoka haitengenezwi tena," akaagana, akaenda zake. Baba alibaki amesimama uani. Na mimi, dirishani, nilifurahi. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwamba mnunuzi wa damu ameondoka mikono mitupu.

Jumatatu baba alifungua mlango wa nyuma, akangoja. Nikapanda. Njiani alisimamisha gari kwa Mama Mwajuma, na Mwajuma naye akapanda, akakaa karibu nami, akaanza kuongea kana kwamba tuliachana jana. Baada ya mwezi watu walirudi kuomba lifti. Kwa macho ya mtaa mambo yalikwisha. Lakini mtoto akishazoea kumwogopa mtu, hofu ikiondoka inaacha nafasi yake wazi. Sikurudi kumkumbatia baba. Tulikuwa watu wawili wenye adabu, shikamoo na marahaba, chakula tayari, asante. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, sote wawili tulipumua, na nadhani sote tulijua.

Fomu ya shule ilikuwa na orodha ya vifaa. Nilikwenda sokoni na orodha yangu, nikasimama mbele ya muuza masweta, nikasoma kwa sauti: ndoo moja, shuka mbili, sweta moja rangi ya damu ya mzee. Nikaisoma tena kimyakimya.

"Damu ya mzee ipo," muuzaji akasema, akalitoa sweta, akalitandaza mbele yangu. Ilikuwa rangi ileile. "Unataka saizi gani, dada?"

Sijui nilimjibu saizi gani. Najua nilikaa chini kwenye gunia la mtu, katikati ya soko, nikiwa na umri wa kuitwa dada, nikalia.

Likizo ya kwanza nilishuka stesheni nimelivaa sweta, ingawa Shinyanga ilikuwa inachoma. Njia nzima nilikuwa nikiandaa maneno. Baba alikuwa akinisubiri kando ya Pijo nyeupe, iliyoanza kuchubuka. Alinipokea sanduku. Kisha akalitazama sweta.

"Hii rangi inaitwaje?" akaniuliza.

"Damu ya mzee," nikasema.

"Ehe," akasema. Akaufungua mlango wa mbele, si wa nyuma, nikapanda. Yale maneno yangu yote yaliyoandaliwa yalikwama hapo, na hatukulizungumza tena hadi anaingia kaburini.

Mengine niliyapata msibani, kwa Mama Mwajuma, aliyekuwa mzee wa kushikwa mkono. Ndiye aliyeniambia kwamba gari lile lilikuwa ng'ombe wa Guku, zizi zima, hadi yule mwekundu wa kukolea. Guku alimwambia mwanawe kwamba mji haumjui mtu kwa ng'ombe, basi auze, anunue kitu ambacho mji utakijua, lakini aape kwamba siku moja atakirudisha kiwe ng'ombe tena. Yule Mhindi alikuwa tayari kutoa bei ya zizi zima, kwa sababu ya rangi ya kwanza tu. "Nilimwambia asubiri mpaka Jumamosi," Mama Mwajuma akasema. "Auze kwanza, mtoto ataelewa mbele ya safari. Akanijibu, zizi ni la marehemu, huyu yuko hai." Gari liliuzwa baadaye kwa mtu wa Kahama, kwa bei ya kuondoa kero uani. Zizi la kijijini halikujaa tena.

Haya yote yalinipitia gereji, huku Kulwa akiwa ameshika kisu chake cha kukwangulia, akinisubiri kwa adabu.

"Aliyepaka hakuwa fundi," nikamwambia. "Alikuwa karani wa pamba."

Alikwangua kidogo kwenye mlango wa nyuma. Kipande kikaruka kikaanguka sakafuni, kipana kama kucha ya kidole gumba. Nikainama nikakiokota. Upande mmoja kilikuwa cheupe, na unywele wa brashi umelala ndani yake. Upande wa pili kilikuwa chekundu cha kukolea.

"Huo uchafu, mama, hauna thamani," Kulwa akasema. Nilikifunga kwenye pembe ya kitenge, nikapiga fundo.

Akatoa daftari lake na kalamu. "Basi niandike. Rangi yake ya asili?"

"Damu ya mzee."

Akacheka. Vijana wa siku hizi wanasema maruni. "Mzee yupi tena huyo, mama?"

"Wangu," nikamjibu.